Kuchagua Transfoma ya Umeme ya Amplifaya ya Gitaa ya Valvu

Amplifaya yangu ya kwanza ya valvu, yaani taa za kioo zinazofanya kazi ya transista, niliitengeneza kwa kufuata mchoro wa Fender Deluxe wa miaka ya 1950, ule unaojulikana kwa namba 5E3, na kosa langu kubwa lilikuwa kwenye transfoma. Niliinunua ikiwa imeshatumika Marekani, ya volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), nikaamini kwamba kifaa cha kushusha umeme wetu wa volti 230 kingetosha. Baada ya saa moja haikushikika kwa moto, harufu ya vanishi ilijaa chumbani, na mvumo ulisikika hata nilipofunga sauti kabisa. Kifaa kile hushusha volti tu. Hezi hubaki 50, na chuma kilichopimwa kwa hezi 60 hulazimika kubeba sumaku iliyozidi kwa asilimia 20. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, hakikisha kibandiko kinasema hezi 50, au 50/60.

Volti za kuingizia nazo zinahitaji uangalifu. Kwangu mita huonyesha 248 usiku wa manane. Transfoma ya 220 ingezipa filamenti, yaani nyaya za kupashia valvu moto, volti 7.1 badala ya 6.3, ilhali valvu huvumilia tofauti ya asilimia 10 tu.

Kisha jumlisha ampea za filamenti. Valvu mbili za 6V6GT, zinazosukuma spika, hula 0.45 kila moja, na valvu ndogo za kukuza sauti, 12AX7 na 12AY7, hula 0.3 kila moja, jumla 1.5, mimi huchagua koili ya ampea 2.5 ili isichemke. Rektifaya ya 5Y3GT, valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, ipewe koili yake pekee, ya volti 5 na ampea 2, kwa sababu filamenti yake imebeba umeme mkali.

Kwa umeme huo mkali, koili ya 325-0-325 (volti 325 kila upande wa ncha ya katikati) ya miliampea 120 inatosha, na nakusihi usiongeze volti kwa kudhani kwamba utaongeza nguvu. 5Y3GT hupata moto upesi kuliko 6V6GT, hivyo kwa sekunde chache, kabla 6V6GT hazijaanza kula umeme, kapasita zinazohifadhi umeme huo hupokea karibu volti 460. Weka kapasita za volti 500. Kumbuka pia kwamba umeme huo unaua, na hubaki ndani ya kapasita hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo zitoe chaji kwa rezista na uthibitishe kwa mita kabla ya kugusa chochote.

Usitoboe chesi mapema. Unganisha spika za masikioni kwenye koili ya spika ya transfoma ya sauti (ile inayounganisha valvu na spika), washa transfoma ya umeme peke yake, ncha zake nyingine zote zikiwa zimezibwa kwa utepe, kisha zungusha polepole ile ya sauti kwa kuishika kwenye kitu kisichopitisha umeme. Mvumo utapungua hadi karibu kupotea; weka alama za skrubu hapo hapo.