Injini ya petroli ya kwenda Turkana: chukua ile fundi wa matatu anayoijua

Ndugu yangu umeuliza swali zuri halafu naona watu kumi wamekujibu na karibu wote wamesema "nunua dizeli". Hujauliza dizeli. Umesema uko Malindi, mko wanne na watoto, mwataka kupanda mpaka Turkana kwa njia ya Garissa na Marsabit, gari iwe ya petroli, na umeonyeshwa tatu: Land Cruiser 80 yenye injini ya 1FZ, Land Cruiser 100 ya V8 na Prado ya zamani ya 2.7. Mbili kati ya hizo nimekaa nazo mwenyewe kwa hivyo niache nieleze, ni refu kidogo vumilia.

Mimi mtu wa Amu, yaani Lamu, nimezaliwa mahali gari ni punda na gari zenyewe twaziacha Mokowe, upande wa bara, twapanda boti. Kwa hivyo injini ya kwanza kuijua mimi ilikuwa mashini ya boti ya mjomba, na mjomba hakuwa na habari na nguvu ya farasi, yeye swali lake lilikuwa moja tu, ikizima Kiwayuu, kisiwani kule mbali, nani ataifungua na spea itatoka wapi. Nimehamia Malindi miaka mingi sasa na bado hilo ndilo swali naliuliza nikiona gari yoyote inauzwa.

Tumalize la dizeli kwanza manake wataniandama. Dizeli ya zamani kama 1HZ, ile 4.2 isiyo na turbo, sina neno nayo, mwenye nayo akae nayo. Lakini hizi za kisasa injekta zake zafanya kazi kwa presha kubwa mno na hazisamehi mafuta machafu, na nyote mwajua mafuta ya taa yalivyokuwa yakichanganywa na dizeli hapa Kenya mpaka serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa 2018. Petroli nayo huchakachuliwa, sikatai, ila injini ya petroli ya kizamani ikipewa petroli mbovu itagonga, itakosa nguvu, utaisikia, utaongeza nzuri juu yake uende pole pole. Haikuuzii seti nzima ya injekta.

Halafu kuna jambo watu hawalitaji, nalo ni bodaboda. Zamani ungesema porini hakuna petroli kuna dizeli ya lori peke yake. Sahi kila kijiji kina pikipiki na penye pikipiki pana mama ana petroli kwenye chupa za soda mezani. Bei utalia, na uchuje kwa kitambaa kisafi kabla ya kutia, lakini ipo. Tulipotoka Kalacha kuelekea North Horr, kule Marsabit, hiyo ndiyo iliyotupeleka.

Sasa injini zenyewe. 1FZ ya hiyo 80 ni injini ya heshima, wallahi. Lita 4.5, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, bloku ya chuma, cheni ya taimingi (inayopanga vali zifunguke kwa wakati) badala ya belti, imetoka 1992 na bado zatembea. Nilikuwa nayo miaka mitano. Mchanga wa kule nyuma ya Marafa ilikuwa yapita kama yaenda harusini. Shida niliipata na ilikuwa ujinga wangu mimi, si wa gari. Kuna kipira kifupi cha kupitisha maji ya heta nyuma kabisa ya injini, chini ya manifoldi, hukioni mpaka uinamie na tochi, na kwa sababu hukioni hukibadilishi. Changu kilikuwa na miaka zaidi ya ishirini. Tumepita Minjila twaelekea Hola, jua la saa nane, naona sindano ya joto yapanda na mimi najiambia aa nitafika Hola tu, si mbali. Sikufika. Kipira kilipasuka maji yote yakamwagika na mimi nikakanyaga mafuta mpaka injini ikaanza kukohoa, hedi ikapinda, gasketi ikaenda, nikavutwa na lori la mbuzi nimekaa juu na mbuzi. Fundi wa pale alikuwa kijana mzuri mwenye akili lakini 1FZ hakuwahi kuifungua na gasketi ilibidi itoke Nairobi, siku kumi na moja nilikaa. Gari haikuwa mbaya! Ilikuwa gari ya mtu mwenye fundi wake na spea zake stoo, na mimi sikuwa huyo mtu.

Na kiu yake, ukiibebesha mizigo kwenye mchanga yangu ilikuwa yanipa kilomita nne na nusu kwa lita. Tangi lita 95. Piga hesabu mwenyewe, hufiki kilomita 430, na pale ndipo unapoanza kupanga majerikeni juu ya paa.

Hiyo V8, 2UZ, lita 4.7, sijakaa nayo lakini nimeiendesha ya rafiki mpaka Sala Gate ya Tsavo na kurudi. Tamu. Bloku ya chuma pia na ni ngumu kufa, ila ina belti ya taimingi ambayo lazima ibadilishwe kwa wakati wake na ukinunua gari ya mkono wa tatu hujui ilibadilishwa lini, kwa hivyo hesabu gharama ya belti, rola na pampu ya maji siku hiyohiyo ya kununua. Kama pesa ipo na petroli haikutishi chukua, sitakucheka. Lakini ulisema bajeti yakubana.

Nilichonacho sasa ni hiyo ya tatu, Prado yenye 3RZ, silinda nne, lita 2.7, bloku ya chuma, cheni. Haina mbwembwe. Mlima wa kuingia Marsabit nilipitwa na basi na kondakta akanipungia mkono, nikampungia pia. Ukitaka mbio hii si gari yako. Lakini injini hiyohiyo iliwekwa kwenye Hilux na kwenye Hiace, na ndugu yake mdogo 2TR aliyemfuata amejaa kwenye Hiace hizi za matatu za sasa, yaani fundi yeyote aliyekulia stendi ya matatu amezifungua akiwa bado mwanafunzi wa spana.

Safari yetu ya mwisho tulipofika Marsabit themostati, kile kivali kinachopitisha maji ya rejeta, iligandia, sindano ikaanza kupanda, na safari hii nilizima palepale maana nimesoma kwa pesa yangu. Akaja fundi na pikipiki, akasikiliza, akagusa paipu ya juu ya rejeta na ya chini, akasema "ngoja". Akarudi na themostati aliyoitoa kwenye Hiace iliyokufa nyuma ya gereji yake. Dakika arubaini tumemaliza na chai tumekunywa.

Mafuta hii yangu yanipa kama kilomita saba kwa lita nikiwa na mzigo, tangi lita 90, kwa hivyo nazidi 600 kabla ya kugusa jerikeni. Jerikeni nabeba mbili za chuma, juu ya paa, kamwe si ndani na watoto, na hazijazwi mpaka mdomoni kwa sababu petroli hutanuka kwa joto. Ukizijaza ziweke chini ardhini kwanza.

Kuna aliyetaja 1GR, ile V6 ya 4.0 ya FJ Cruiser. Nzuri sana, ina cheni, ina nguvu, ila bloku ni alumini na ikipata joto kali haivumilii kama chuma. Na yule aliyetaja Nissan Patrol ya 4.8, Waarabu waipenda na wana haki, lakini niambie Hola utaipatia wapi pampu ya maji.

Ubaya wa petroli niseme pia. Maji. Mwisho wa 2023 barabara ya Lamu ilipokatika Gamba niliona dizeli kuukuu zikijaribu na za petroli zikisubiri, umeme wa plagi na maji si marafiki. Mimi nilisubiri. Jengine ni pampu ya petroli, iko ndani ya tangi na petroli ndiyo inayoipoza, usizoee kutembea na taa ya mafuta ikiwaka. Na sisi wa Pwani tuna dhambi yetu, kutia maji ya kisima kwenye rejeta, maji ya chumvi yale, yakila alumini ya hedi taratibu mpaka siku ya siku. Tia kulanti, maji ya dawa ya rejeta, na soketi za nyaya za sensa zifungue uzipanguse kutu manake upepo wa bahari hauachi kitu.

Kabla hujatoa pesa ya hiyo Prado mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, uikute baridi. Fungua kifuniko cha rejeta uone rangi, kama ni kahawia kama chai ya maziwa ondoka. Iwashe ukisikiliza cheni mbele ya injini, ikikwaruza sekunde moja mbili si kitu, ikiendelea kulia ina kazi. Iache ingurume nusu saa na AC imewashwa, kifuniko umekirudisha, uangalie sindano na mapovu kwenye chupa ya maji ya rejeta. Ukitaka nije nayo tochi niko Malindi mpaka Ijumaa, baada ya hapo niko Amu na huko gari hamna cha kukagua.