Chujio la ziada la kutenganisha maji na dizeli kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ lifungwe wapi?

Mkuu, lifunge kabla ya chujio la kiwandani, kwenye mpira unaotoka tangini, mbali na ekzosi. Fuata mshale ulio kwenye chujio, unaonyesha dizeli inakoelekea. Mpira uwe wa dizeli, pima bomba lako kwanza; wa maji utavimba na kupasuka.

Kinachosumbua wengi ni hewa. Upande huo dizeli inavutwa, haisukumwi, kwa hiyo klipu ya mpira ikilegea hewa inaingia na huoni hata tone chini. Unaona tu gari linagoma kuwaka asubuhi. Jaza chujio dizeli kabla ya kulifunga, kisha piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Ukinunua dizeli ya madumu huko Kondoa vijijini, fungua koki iliyo chini ya chujio alfajiri kabla hujawasha. Maji yanakuwa yameshatuama.