Kabla Hujaiuza Ile ya Pampu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unaniuliza: "Mama, kilabuni wote wana bastola za mtungi wa hewa, mimi peke yangu ndiye napiga pampu kujaza hewa kila risasi. Nimefika 531. Ninunue sasa au ningoje?" Babu yako kule Muheza angekujibu kwa maneno manne tu, mchagua jembe si mkulima, kisha angerudi kwenye michungwa yake. Mimi simkubalii moja kwa moja. Mwenyewe jembe lake alikuwa haliazimishi kwa mtu.

Hiyo 531 kati ya 600 haijaniambia kitu. Kilichosema nami ni yale mafungu sita ya risasi kumikumi uliyoniandikia: 91, 90, 90, 88, 87, 85. Risasi thelathini za mwanzo umepata 271, thelathini za mwisho 260. Bastola haichoki, mwanangu. Mtutu uliokupa 91 ndio huohuo uliokupa 85. Aliyechoka ni wewe, na ninachotaka kujua ni nini kilichokuchosha.

IZH-46M yako, hiyo ya pampu, imetoka Izhevsk, Urusi, na sura haina, lakini mtutu wake si wa kudharau. Duara la kumi, lile la katikati ya shabaha, lina upana wa milimita 11.5. Kwa mita 10, bastola hiyo ikishikwa imara na kupewa risasi zinazopatana nayo inaweza kuzirundika zote humo ndani. Kwa hiyo zile nane na saba zako usizisingizie chuma. Chukulia kilengeo cha nyuma na cha mbele vimeachana sentimita 35. Cha mbele kikiyumba milimita moja tu pale unapovuta triga, risasi inahama karibu sentimita tatu kwenye shabaha, na kumi yako imekwisha kuwa saba. Milimita moja! Hakuna bastola ya bei yoyote itakayokushikia hiyo.

Ila pampu ni habari nyingine, na hapa ndipo babu yako namwacha. Kila risasi unaufungua ule mkono wa chuma mpaka mwisho, halafu unaurudisha kwa nguvu. Mara sitini, bila kuhesabu za kujipima katika zile dakika 15 za maandalizi. Mwenzako mwenye mtungi anaweka risasi, anafunga, anainua. Wewe kila ukimaliza kupampu unaushika mpini upya, na kiganja hakirudi palepale. Una dakika 75 za kumaliza sitini, yaani sekunde 75 kwa kila moja, na sehemu yake unaila kwa kusukuma chuma.

Basi fanya hivi. Mwombe mwenzako mmoja akupampie mazoezi mazima, zote sitini, wewe ulenge tu. Rudia siku nyingine, maana siku moja hudanganya. Fungu la sita likipanda hadi 89 au 90, sababu ya kununua unayo na sitakuzuia. Likibaki 85, tatizo ni pumzi, au miguu, au ile tabia yako ya kuingia mashindanoni na kahawa tupu tumboni, na bastola ya zaidi ya euro 1,500 itakupa 85 ileile. Siku hiyohiyo mpe bastola yako mtu wa kilabuni anayekuzidi apige ishirini. Akikusanya vizuri, chuma ni kizima. Akitawanya naye, angalia kwanza zile ringi za mpira ndani, huenda zimechakaa.

Mimi nilinunua vibaya, na sijawahi kukusimulia. Nilikuwa napiga 540 na kitu, nikaona aibu ile uliyonayo wewe sasa. Nikanunua ya mtumba, ya mtungi, inayorekebishika kila mahali: triga mbele na nyuma, mpini juu na chini, vilengeo kwa upana. Na mimi nikarekebisha. Kila Jumanne nilikuwa na bisibisi. Ndani ya miezi miwili nikashuka hadi 520, nikasema bastola mbovu. Mashindano yaliyofuata nikakwama kwenye ukaguzi, kwa sababu triga lazima iinue uzito wa gramu 500 bila kufyatuka na yangu nilikuwa nimeilegeza mno. Nikarudishwa nyuma ya foleni mbele ya watu wote, nikitetemeka, nikaikaza kwa kukisia. Na yule aliyeniuzia hakuniambia, wala mimi sikuangalia, kwamba mtungi ulikuwa umebakiza miezi minne. Mtungi una tarehe yake, mara nyingi ni miaka kumi tangu utengenezwe, na ukipita huo hauruhusiwi mashindanoni. Mpya nikaulipia mwenyewe.

Kwa hiyo ukifika kununua, soma tarehe ya mtungi kabla ya kuuliza bei, halafu uombe bei ipunguzwe kulingana nayo. Jina lililoandikwa ubavuni lisikushughulishe sana. Feinwerkbau, Walther, Steyr, Morini, zote zitakuzidi wewe na mimi kwa miaka. Mpini ndio wa kuchagulia. Ukifumba macho, ukainua mkono, ukafumbua, vilengeo viwe vimejipanga vyenyewe. Visipojipanga, hata kwa punguzo la nusu bei, rudisha. Ukishanunua, rekebisha mara moja, andika vipimo kwenye daftari, bisibisi niletee mimi.

Njoo Hannover wikiendi ukimaliza hayo majaribio mawili. Utapiga na ya kwangu asubuhi nzima, mkono wangu na wako unalingana. Njiani kwenye treni bastola yako iwe ndani ya sanduku lenye kufuli, bila risasi, usije ukaniita kutoka kituo cha polisi cha Leipzig. Na huo mpini wako wa sasa, nasikia umeanza kuupiga msasa. Acha mpaka niuone.

Mama yako