Toa draiva ndani ya WEB-INF/lib kabla hujagusa memori

Mkuu, acha hiyo MaxMetaspaceSize (kikomo cha memori ya klasi za Java)! Umeuliza uweke konekisheni ngapi kwenye puli (akiba ya konekisheni za hifadhidata), na kama kuongeza memori kutanyamazisha lile onyo la Tomcat (seva inayoendesha programu za Java) kwamba draiva ya JDBC (kiunganishi cha Java na hifadhidata) haikujiondoa, ikaondolewa kwa nguvu. Njia hiyo niliipita, na iliniponza.

Enzi zangu ilikuwa Java 7, kosa la memori ya klasi kujaa likiitwa PermGen. Fundi mmoja niliyemheshimu akaniambia, "Tomcat imeshaitoa yenyewe, hilo ni onyo tu, ongeza MaxPermSize." Kikomo hicho cha PermGen nikakitoa MB 128 nikaenda 256, kisha 512. Kosa likachelewa tu: badala ya kuja nikipandisha toleo la tano, likaja la kumi na kitu, tena mchana watu wakiwa kazini. Miezi mitatu naamka usiku kuwasha seva! Hadi leo namkasirikia, maana alisema kwa uhakika jambo ambalo hakuwahi kulifungua akaliona.

Nilipolifungua mwenyewe kwa Eclipse MAT (zana ya kuchunguza memori ya Java), nilikuta WebappClassLoader (kipakiaji cha klasi za programu) saba, na programu ni moja. DriverManager, inayosajili draiva, ni ya Java yenyewe, haifi programu yako inapozimwa. Ikishika draiva iliyotoka WEB-INF/lib (folda ya maktaba ndani ya programu yako), imeshika na kipakiaji kilicholeta klasi zake, na hicho kimebeba klasi zote za programu. Hata Tomcat ikiitoa draiva, ya MySQL huacha uzi (thread) wake, "Abandoned connection cleanup thread", ukikimbia na kushikilia toleo la zamani. Tazama mistari inayofuata kwenye logi yako, huenda uzi huo umetajwa. Na Java 8 ya 2014 haikuponya kitu: Metaspace, iliyochukua nafasi ya PermGen, usipoiwekea kikomo itakula memori ya mashine nzima.

Faili la draiva likae kwenye lib ya Tomcat, nakala moja tu. Kwenye Maven (zana ya kujenga programu) andika provided, kisha fungua WAR (faili la programu unayopandisha) uhakikishe halimo. Kama seva si yako na huwezi, basi kwenye contextDestroyed (msimbo unaoitwa programu inapozimwa) funga puli kwanza, halafu ita AbandonedConnectionCleanupThread.checkedShutdown(), ndipo uondoe draiva zilizoletwa na kipakiaji chako peke yake. Ukiondoa zote utawakatia wenzako mnaoshiriki seva.

Halafu pandisha toleo mara kumi mfululizo, nenda Tomcat Manager ubonyeze Find leaks, utuletee hapa ilichoandika.