Kwa waajiriwa wapya: ondoeni akaunti zenu binafsi kwenye kompyuta za ofisi

Wiki hii tumepokea waajiriwa wapya, na kama kawaida mimi ndiye niliyewakabidhi kompyuta. Kijana wa kwanza alikuwa hajaonyeshwa hata choo kilipo, lakini kivinjari alishakifungua. Akaingiza barua pepe yake binafsi, nywila, namba ya uthibitisho kutoka kwenye simu, na alipoulizwa kama anataka kuwasha usawazishaji (yaani historia, alamisho na nywila zake zifanane kwenye vifaa vyake vyote) akabonyeza ndiyo bila kusoma. Nikamwambia taratibu, "Mdogo wangu, hiyo ondoa." Akanijibu, "Kaka, mimi sina cha kuficha."

Sina cha kuficha! Kila kundi lina mmoja wa kulisema hilo, na mara nyingi ndiye huyo huyo anayekuja mbio baadaye, uso umemshuka, akiomba nimfutie kitu kabla bosi hajakiona. Nimechoka kurudia maneno yale yale kwa mtu mmoja mmoja mlangoni, kwa hiyo nayaandika. Mpangilio msiutafute sana.

1. Hakuna anayekaa kuwasoma. Naanza na hili kwa sababu wengine mnatutazama kama majasusi. Jamani, sisi mafundi wa kompyuta foleni ya tiketi, yaani maombi yenu ya msaada, inatushinda. Nusu yake ni watu waliosahau nywila baada ya likizo. Muda wa kufuatilia nani kamtumia nani maua hatuna. Ila rekodi zinajiandika zenyewe: nani aliingia saa ngapi, kifaa gani, tovuti gani, faili gani limechapwa. Zinalala huko mpaka siku kuna ugomvi, au data imevuja, au mkaguzi amebisha hodi. Siku hiyo rasilimali watu wanaleta barua yenye sahihi, nasi tunatoa kilichoombwa. Nimeshatoa. Si kazi ninayoipenda, maana unatafuta mkataba wa mteja na njiani unapita juu ya ugomvi wa mtu na mkewe, na kesho yake mnakutana kwenye ngazi, mnaulizana habari za asubuhi.

2. Hali fiche ya kivinjari (incognito) haifichi mnachodhani. Inaacha kuhifadhi historia kwenye kivinjari chako, basi. Mtandao wa ofisi bado unaona jina la tovuti unayokwenda. Na kama kompyuta imewekewa cheti cha kampuni cha kukagua data iliyosimbwa (iliyofungwa ili wengine wasiisome njiani), hata yaliyomo yanasomeka, na kile kikufuli kwenye upau wa anwani kitaendelea kukaa pale kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiwa nyumbani umewasha VPN ya kazini (njia inayoipitisha kompyuta yako kwenye mtandao wa ofisi), mara nyingi ni sawa na kuwa ofisini. Mambo yako yafanyie kwenye simu yako, kwa bando lako.

3. Mpaka uko kwenye akaunti, si kwenye kifaa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sentensi niliyomalizia namba 2 ndiyo niliyoiamini miaka yote, na ndiyo iliyoniponza. Mimi nilikuwa mtu wa simu yangu na bando langu. Mambo binafsi nilifanya usiku, kitandani, mbali na ofisi. Nilijisifu kwa hilo, na wengine niliwafokea. Nilichosahau ni kwamba nilipopewa kompyuta mpya nilitaka alamisho zangu, zile kurasa za ufundi nilizokusanya tangu nianze kazi. Nikaingia kwenye kivinjari kwa akaunti yangu binafsi ili zije. Zikaja. Nikashukuru, nikaendelea na kazi, na akaunti ikabaki humo.

Kipindi hicho nilikuwa na mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza, kazi ilinichosha na nilianza kuangalia pengine. La pili lilikuwa la mwilini, la aina ambayo mwanamume anaona afadhali aulize simu kuliko kuuliza rafiki. Usiku nikawa nauliza simu.

Kikafika kikao cha kuonyesha mfumo mpya wa maombi ya likizo. Mkuu wa kitengo yupo, watu wa fedha wapo, na mama mmoja wa rasilimali watu ambaye miwani yake haipitwi na kitu. Projekta inawaka, ukuta mzima ni skrini yangu. Anwani ya mfumo ilianza na neno "maombi". Nikaandika herufi moja tu, m, na mapendekezo yakashuka ukutani kwa maandishi makubwa: "mfano wa barua ya kuacha kazi", na chini yake, "maumivu wakati wa kukojoa yanatibiwaje".

Mtu mwenye akili angefunga kompyuta. Mimi nilifuta ile herufi, nikaiandika upya. Orodha ikashuka mara ya pili, kwa waliokuwa hawajamaliza kusoma. Upande wa fedha mtu akakohoa, kikohozi kile cha kuzuia kitu kingine. Mkuu akasema, "Endelea, tunakusikiliza." Nikaendelea. Sikumbuki nilisema nini kuhusu likizo.

Kikao kilipoisha nilikimbilia kwenye meza yangu nikafuta historia yote. Mimi, fundi! Kwanza, usawazishaji ukiwa umewashwa, ukifuta historia ya akaunti kwenye kifaa kimoja inafutika na kwenye vingine. Simu yangu nayo ikabaki tupu, pamoja na ukurasa wa kazi niliyokuwa nimeomba ambao sikuwa nimeunakili popote. Pili, rekodi za mtandao wa ofisi hazikuguswa hata kidogo, kwa sababu hazikai kwenye kivinjari. Kwa hiyo ushahidi niliufuta kwa mtu mmoja, naye ni mimi.

Na hiyo bado haikuwa sehemu mbaya. Jioni, nikiwa nachunguza ni nini kingine kimevuka, nilifungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa kwenye akaunti yangu binafsi. Nikazikuta za ofisi. Mfumo wa tiketi, seva ya barua pepe, na akaunti ya msimamizi, ile ambayo mtu akiipata anaweza kujifanya yeyote kati yetu. Kila kivinjari kiliponiuliza "nihifadhi?" nilikuwa nimebonyeza ndiyo, nikidhani inabaki kwenye mashine ya kazini. Kumbe ilikuwa inakwenda nyumbani nami. Na akaunti hiyo hiyo ilikuwa wazi kwenye kishikwambi ambacho mwanangu aliangalizia katuni na kukiazimisha kwa rafiki zake.

Hapo aibu ya kikaoni ilinitoka yote. Aibu ya barua ya kuacha kazi ni yangu, itapoa. Hii ilikuwa ya watu wote wa ofisi ile. Asubuhi nikaenda kwa mkuu mwenyewe, nikamweleza, tukabadilisha nywila zote kabla watu hawajafika. Aliandika kila kitu bila kuniangalia. Nilipofika mlangoni ndipo akauliza, "Na ile barua, umeshaiandika?" Nikasema bado. Mradi niliokuwa niuongoze ulikwenda kwa mwenzangu. Sikuuliza kwa nini.

Msidhani ni uzembe wa wadogo. Mwaka 2023 Okta, kampuni ambayo kazi yake ni kulinda namna watu wanavyoingia kwenye mifumo, iliingiliwa, na mafaili yanayohusu wateja 134 yakafikiwa. Walipochunguza wakakuta mfanyakazi alikuwa ameingia kwenye Chrome ya kompyuta ya kazini kwa akaunti yake binafsi ya Google, na nywila ya akaunti ya huduma (ile inayotumiwa na mifumo yenyewe, si na mtu mmoja) ikawa imehifadhiwa huko. Njia ile ile yangu, hatua kwa hatua. Tofauti ni kwamba kwangu aliyekuwa na kishikwambi alikuwa na umri wa chekechea. Baada ya hapo walizuia kabisa akaunti binafsi za Google kwenye Chrome za kompyuta zao. Kwa hiyo mkiona na sisi tumezuia, msije kunilalamikia.

Data inavuka pande zote mbili. Wengi mnaogopa ofisi isione ya nyumbani. Hamfikirii ya ofisi kulala nyumbani.

4. Barua pepe ya kazi kwenye simu yako. Ukiiongeza, kuna skrini ya ruhusa inayokuja, ambayo wote mnaipita kama masharti ya bima. Isomeni. Ikisema msimamizi anaweza kufuta data yote ya kifaa, maana yake ni hiyo hiyo: simu ikipotea, au mkiachana na kampuni vibaya, amri moja inaondoka na picha zako zote. Android ina wasifu wa kazini tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014: programu za kazi zinakaa upande wake zikiwa na alama ya mkoba, na msimamizi anafuta upande ule tu. Apple walileta utaratibu wa aina hiyo kwa vifaa binafsi mwaka 2019. Ombeni huo. Kama ofisi haina, ombeni simu ya kazi, na kama hawatoi, someni barua pepe kwenye kompyuta mkiwa kazini. Dunia haitaisha usiku huo.

5. WhatsApp ya kwenye kompyuta. Ikifika jioni, toka. Fungua kwenye simu sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uone vimekaa vingapi. Vinaruhusiwa hadi vinne, na vinaendelea kupokea ujumbe hata simu yako ikiwa imezimwa. Kuna dada alihama kazi, akarudisha kompyuta imepanguswa vumbi, chaja imeviringwa vizuri, kila kitu kwenye fomu kimetiwa alama. Nikaiwasha nimwandalie mwingine, na ujumbe wa familia yake ukaanza kumiminika, mambo ya mirathi, na kaka mmoja akimtaja mwenzake kwa jina lisiloandikika. Nikafunga haraka, lakini macho yalishasoma. Nikampigia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Umefika wapi kusoma?"

6. Mazungumzo ya "faragha" kwenye programu ya ofisi. Si faragha. Ni ya watu wawili mbele ya mwenye nyumba. Slack, kwa mfano, kwenye baadhi ya mipango ya kulipia mwajiri anaweza kupata nakala ya ujumbe wa watu wawili, na tangu mwaka 2018 programu yenyewe haikutumii taarifa kwamba hilo limefanyika. Ukiufuta ujumbe wako, si lazima uwe umefutika. Kama kampuni imeweka muda wa kuhifadhi, nakala ipo.

Kuna kesi ya mhandisi mmoja wa Romania ambayo nawapa wote waisome. Mwajiri alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger ya kujibu wateja. Mwaka 2007 wakamfuatilia, wakamwekea mezani kurasa 45 za alichoandika, zikiwemo za kaka yake na mchumba wake, mambo ya afya na mapenzi humo humo. Wakamfukuza. Alihangaika na mahakama mpaka mwaka 2017, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa kura 11 dhidi ya 6, ikasema haki yake ya faragha haikulindwa; mahakama za kwake hazikuangalia kama aliarifiwa mapema kwamba anafuatiliwa, na kwa kiasi gani. Kwa hiyo alishinda. Lakini hesabuni wenyewe: miaka 10. Na kurasa zile walioziona waliziona. Mkipewa sera ya matumizi ya vifaa msaini, isomeni kwanza. Mara nyingi ndiyo taarifa yenyewe ambayo mahakama itauliza kama mlipewa.

7. Ukionyesha skrini kikaoni, shiriki dirisha moja, si skrini nzima, na uzime arifa. (Mnaona nimeliandika kwa sentensi moja. Nilitamani mtu angeniandikia.)

8. Picha za harusi msiziweke kwenye eneo-kazi la kompyuta ya ofisi: sehemu nyingi OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, imewekwa kunakili mafolda hayo kwenye hifadhi ya kampuni bila kuwauliza.

9. Kitu chochote cha maisha yako kisitegemee laini au barua pepe ya kazini ili kifunguke. Si benki, si akaunti ya picha, si namba za uthibitisho. Siku ya kuondoka tunafunga barua pepe saa ile ile mnaporudisha kitambulisho, na kama ndiyo njia yako ya kurejesha nywila, umebaki nje ya nyumba yako mwenyewe. Laini ya simu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haifungwi, inapewa mtu mwingine. Tulikuwa na mwenzetu aliyeondoka kwa amani, tukampigia makofi, na laini yake ikaenda kwa binti wa ugavi. Mpaka leo namba za uthibitisho za benki yake zinaingia kwa yule binti, wakati mwingine usiku. Amechoka, kila akiniona ananiuliza nimeshamwambia mwenyewe au bado. Bado. Namba yake pekee niliyo nayo ni hiyo hiyo.