Uliza Tujibu: Makumbusho ya mkoani na wageni wake

Kitabu chetu cha wageni kina majina 1,900 ya mwaka jana, dirisha la tiketi linasema 7,400. Tuandike ipi kwenye ripoti?
*Mhifadhi msaidizi, Nyanda za Juu Kusini*

Kitabu kiweke kando. Husaini anayependa kusaini: mtalii, kiongozi, mwalimu anayeandika jina lake kwa niaba ya darasa zima. Tiketi ni afadhali, ila nazo zinavuja. Kundi la wanafunzi 45 likilipiwa kwa kontroli namba moja, mfumo unaweza kuhesabu muamala mmoja. Halafu wapo wasiolipa: watoto wadogo, wageni wa serikali, na waliokuja uwanjani kwenye ngoma bila kukanyaga ukumbini. Hao wa uwanjani wahesabuni peke yao.

Dawa ni kihesabio cha mkononi, kile cha kubonyeza, pale mlangoni kwa wiki nne zilizotawanyika: moja ya muhula wa shule, moja ya likizo, moja yenye sikukuu au kumbukizi, moja isiyo na lolote. Bonyeza anayeingia, usibonyeze anayetoka wala mtumishi anayepita na ndoo. Kisha linganisha na tiketi za wiki hiyo hiyo. Tuseme mlango umehesabu 260 na tiketi ni 200: uwiano ni 1.3, na unazidishwa na tiketi za wiki zinazofanana na ile tu. Wengi huharibu hapa kwa kuuzidisha mwaka mzima. Songea tarehe 27 Februari, siku ya kuwakumbuka mashujaa 67 wa Vita vya Majimaji walionyongwa mwaka 1906, haifanani hata kidogo na Jumanne ya mwezi Mei. Butiama nako kuna Aprili 13 na Oktoba 14, kuzaliwa na kufariki kwa Mwalimu.

Kwenye ripoti andika "ziara", usiandike "watu". Aliyekuja mara tatu ni ziara tatu.

Tunataka kuwahoji wageni. Wangapi wanatosha, na tuwachaguaje?
*Mwanafunzi wa utafiti, Eldoret*

Kwa watu wazima 100 waliochaguliwa bila upendeleo, asilimia utakayopata inaweza kupotoka kama pointi 10 juu au chini. Kwa 200 ni pointi 7. Kwa 385 ni pointi 5, na hiyo ndiyo namba inayotajwa vitabuni. Kama kituo chako hupokea watu wazima 2,000 tu kwa mwaka, 323 wanakupa usahihi ule ule. Kituo kidogo kikipata 200 kwa uaminifu, kimefanya kazi.

Uchaguzi ndio wenye mtego. Mwachie mhojaji uhuru wa kuchagua, atamfuata mwenye sura ya upole asiye na mtoto analia. Chora mstari wa kufikirika karibu na njia ya kutokea. Yeyote wa kwanza kuuvuka baada ya wewe kumaliza mahojiano ndiye wako, awe mzee, awe amenuna. Akikataa, andika saa, jinsia na umri wa kukadiria, kisha msubiri anayefuata. Andika pia wangapi walivuka kila saa: saa zenye watu wachache huhojiwa kupita kiasi, na bila hesabu hiyo hutaweza kusawazisha mizani baadaye.

Wanafunzi waliokuja na basi la shule wawekee jedwali lao. Watoto 45 wa darasa moja waliletwa na uamuzi wa mwalimu mmoja, kwa hiyo si maoni 45 yanayojitegemea. Hoji mwalimu kwa kina, na watoto wachache kwa ridhaa yake na ya wazazi. Kabla ya yote, pata kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi na teknolojia ya nchi: kwenu Kenya ni NACOSTI, Tanzania ni COSTECH. Namba za simu usizikusanye kama huna kazi nazo.

Karibu kila mgeni anajibu "nimefurahi sana". Mbona basi hawarudi?
*Mwongozaji, Pwani*

Kwa sababu anayeuliza ni wewe uliyemtembeza! Mgeni aliyekaribishwa mezani hasemi mboga imezidi chumvi. Mhojaji awe mtu ambaye hakumwongoza, asiyevaa sare, na swali la kufurahi lifutwe. Uliza mambo yaliyotokea: Umekuja na nani? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Ulitafuta nini ukakikosa? Ukifika nyumbani utasimulia kitu gani? Swali hilo la mwisho, likiandikwa kwa maneno yake mwenyewe, lina faida kuliko kipimo cha moja hadi tano. Watu wanane wakisimulia chatu aliye kwenye kizimba cha nje na hakuna aliyetaja ukumbi, umepata jibu.

Tutajuaje kama ukumbi mpya unasomwa au unapitwa tu?
*Mbunifu wa maonesho, Arusha*

Chora ramani ya ukumbi kwenye karatasi ya A4, toa nakala 50, moja kwa kila mgeni. Mfuate kwa macho: chora njia yake, weka alama aliposimama walau sekunde tatu miguu yote miwili ikiwa imetulia, andika muda wa kuingia na kutoka. Bandika tangazo mlangoni kwamba utafiti unaendelea.

Kisha gawanya eneo kwa muda wa wastani. Ukumbi wa mita za mraba 120 unaopitwa kwa dakika 6 una mwendo wa mita za mraba 20 kwa dakika. Namba ikishuka, watu wanakaa zaidi. Hesabu hii ilienezwa na Beverly Serrell, mtafiti wa maonesho wa Marekani, miaka ya 1990, alipolinganisha maonesho zaidi ya 100 na kukuta wageni kwa kawaida hukaa chini ya dakika 20, hata ukumbi uwe mkubwa. Kwa hiyo usihuzunike na dakika 6. Angalia zimetumika wapi. Kabati likirukwa na watu 40 kati ya 50, kagua mlango kabla ya kulaumu maelezo. Mwanasaikolojia Arthur Melton alionesha tangu miaka ya 1930 kwamba mlango wa kutokea huvuta watu na kushindana na vitu vilivyooneshwa. Sogeza kabati, pima tena wageni 50.

Wageni wameongezeka. Je, makumbusho yetu ni mazima?
*Mjumbe wa bodi, Kanda ya Ziwa*

Si lazima. Nenda stoo. Chagua kwa bahati nasibu vitu 20 kutoka kwenye rejista, uombe vitafutwe huku saa ikihesabu. Kisha chukua vingine 20 rafuni, uvitafute kwenye rejista. RE-ORG, mbinu ya kupanga upya stoo za makumbusho ya ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi, inataka kila kitu kipatikane ndani ya dakika tatu, na kifikiwe bila kuhamisha zaidi ya vitu viwili. Vikikosekana vitano kati ya 20, au kama ni mtumishi mmoja tu anayejua vilipo naye anastaafu mwakani, fedha za kiingilio ziende kwanza kwenye rafu, lebo na rejista. Bango jipya la barabarani lingoje.