Kuzima fayawoli hakuponyi kanzidata

SWALI: Ofisi yetu ni SACCOS ndogo hapa Morogoro, tuna kompyuta nne. Kanzidata ya wanachama ni ya Access, programu ya kanzidata ya Microsoft, tumeiweka kwenye folda tuliyoishea kutoka kompyuta ya mhasibu. Mhasibu anaingiza marejesho bila shida, ila sisi wengine tukiifungua tunaambiwa ni ya kusoma tu. Fundi alikuja akazima fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) kwenye kompyuta zote na kuwasha SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kushea faili, tatizo likabaki palepale. Sasa anasema apige Windows upya. Tumruhusu?

JIBU: Msimruhusu. Swali lako lenyewe linaonyesha kwamba fayawoli haikuhusika: mnalifungua faili na mnalisoma. Fayawoli ikizuia, hata folda hamtaifungua. Haina uwezo wa kukuruhusu usome faili kisha ikukataze kuandika ndani yake. Hiyo ni kazi ya ruhusa za Windows, na inasikitisha kwamba fundi amepita kompyuta nne bila kuzitazama.

Ruhusa hizo zimepangwa sehemu mbili kwenye "Properties" za folda, "Sharing" na "Security". Anayeingia kupitia mtandao anapimwa kwa zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshika. Ukishea folda kwa njia ya "Advanced Sharing", Windows huwapa watu wote "Read" tu, yaani kusoma. Mhasibu amekaa kwenye kompyuta yenyewe, hapiti mtandaoni, kwa hiyo ruhusa ya "Sharing" haimgusi. Ninyi inawagusa. Anzeni hapo: wekeni "Change" upande wa "Sharing" na "Modify" upande wa "Security", yaani kusoma na kuandika, kwa majina ya wafanyakazi wanaohusika. Msiwape "Everyone".

Ruhusa iwe ya folda nzima, si ya faili peke yake. Mhasibu akiwa amefungua kanzidata, tazameni ndani ya folda: mtaona faili dogo lenye jina lilelile, linaloishia na .laccdb. Humo Access huandika nani yumo ndani na nani ameshika rekodi ipi, na wa mwisho akitoka hulifuta. Mtu asiye na ruhusa ya kuunda na kufuta faili kwenye folda hiyo hawezi kufanya kazi pamoja na wenzake, hata mkizima fayawoli za mji mzima.

Hilo ndilo tatizo lenu. Linalonikera mimi ni hiyo tabia ya kuondoa ulinzi kwanza, kisha kutafuta ugonjwa. Naikuta maduka ya dawa, shuleni, kwenye ofisi za kata. Mtandao ukisumbua, fundi anazima fayawoli. Kikifunguka kitu kwa bahati, analipwa na kuondoka, na fayawoli inabaki imezimwa mpaka kompyuta ife. Hata pale fayawoli inapokuwa kweli imezuia, kinachotakiwa ni kuruhusu "File and Printer Sharing" kwa mtandao wa ndani, basi.

SMB1 ndiyo mbaya zaidi. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ilipita kwenye tundu la SMB1, ikafunga mafaili ya ofisi na hospitali duniani kote, zikiwemo za huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Baadaye mwaka huo Windows 10 ikaanza kutoka bila SMB1 kuwekwa kwa kawaida. Anayeiwasha leo ili kushea faili la Access anawafungulia wezi mlango usiohitajika na mtu yeyote ofisini kwenu. Na mnachokiweka humo ni majina, simu, vitambulisho na madeni ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka ninyi mnaozishika mzilinde, na fundi atakuwa hayupo mtakapoulizwa.

Kupiga Windows upya kutarudisha "Read" ileile siku mtakaposhea folda tena, na kunaweza kuondoka na data.

Tatizo likiisha, tenganisheni majedwali na fomu: majedwali yabaki kwa mhasibu, kila kompyuta iwe na nakala yake ya fomu na ripoti. Tumieni waya na swichi, si waifai, kwa sababu kila kompyuta inaandika moja kwa moja ndani ya faili lile, na mawimbi yakikatika katikati ya kuandika faili linaharibika. Kompyuta ya mhasibu iwe na UPS, betri inayoishikilia umeme ukikatika.

Leo hii mwambieni fundi awashe fayawoli zote na aondoe SMB1. Kabla hajagusa ruhusa, wote tokeni kwenye kanzidata, nakilini faili kwenye diski ya nje, kisha lifungueni kutoka huko mhakikishe marejesho ya jana yamo.